Askari Mstaafu na Zabuni za Serikali: Mlango Upi Ulio Wazi Tabora?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mkoa wa Tabora umezoeana na jeshi kwa muda mrefu. Mjini ipo Kambi ya Milambo, inayobeba jina la mtemi aliyetawala sehemu kubwa ya Unyamwezi hadi alipofariki mwaka 1884. Katika mkoa huohuo kipo kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) cha Msange, ambako vijana kutoka pembe zote za nchi hupitia mafunzo. Si ajabu basi kwamba wapo wanajeshi wengi ambao, baada ya kuvua sare, huamua kubaki hapahapa, wajenge nyumba Uyui au Urambo, wafuge nyuki au wafungue karakana.

Mkoa huohuo uko katikati ya matumizi makubwa ya fedha za umma. Reli ya kisasa (SGR) inaujia mji wa Tabora kutoka pande tatu: kipande cha Makutupora hadi Tabora chenye kilomita 368, cha Tabora hadi Isaka chenye kilomita 165, na cha Tabora hadi Kigoma chenye kilomita 506. Halmashauri za mkoa hununua madawati, vifaa vya usafi, huduma ya ulinzi, chakula cha wanafunzi wa bweni na matengenezo ya majengo kila mwaka wa fedha. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) hutoa kazi za kusafisha mitaro na kufyeka kando ya barabara.

Swali ambalo wastaafu wengi hujiuliza ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: je, aliyelitumikia Taifa kwa bunduki anayo nafasi ya pekee anapotaka kuiuzia Serikali bidhaa au huduma? Makala haya yanachambua sheria inasema nini, mstaafu anaweza kuingilia mlango upi, na wapi bado pana pengo linalostahili kujadiliwa.

Sheria haimtaji askari

Jibu la awali ni kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, haina kundi linaloitwa “askari wastaafu”. Inachokitambua ni makundi maalum manne: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kila taasisi nunuzi inatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa ajili ya makundi hayo.

Katika hili Tanzania haiko peke yake. Kenya, yenye utaratibu wake wa asilimia 30 tangu mwaka 2013, huwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na haikuwaweka maveterani katika orodha hiyo, ingawa mwaka 2022 ilitunga sheria mahususi ya maslahi ya maveterani wa kijeshi. Marekani imefuata njia nyingine. Huko Serikali ya Shirikisho imejiwekea lengo la kupeleka asilimia 5 ya thamani ya mikataba yake kwa biashara ndogo zinazomilikiwa na maveterani waliopata ulemavu wakiwa kazini. Lengo hilo lilikuwa asilimia 3 kwa zaidi ya miaka 20. Mmiliki hutakiwa kuwa na angalau asilimia 51 ya biashara na kuiongoza yeye mwenyewe, na tangu mwaka 2023 uthibitisho hutolewa na wakala wa Serikali unaosimamia biashara ndogo.

Mfano wa Marekani unavutia, lakini unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hata kule, si kila aliyewahi kuvaa sare anayelengwa na asilimia hizo. Anayelengwa ni yule aliyeumia. Na hata aliyeumia hapewi mkataba kwa sababu ya jeraha lake, bali hupewa nafasi ya kushindana na wenzake walio katika hali kama yake.

Milango minne iliyopo

Kwa mstaafu wa Tabora, kutotajwa kwa jina katika sheria hakumaanishi kwamba amefungiwa nje. Maana yake ni kwamba anaingia kwa sifa nyingine aliyonayo.

Mlango wa kwanza ni umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978 alitimiza miaka 60 mwaka 2018. Kwa hiyo karibu wapiganaji wote wa vita ile walio hai, wakiwemo wanamgambo waliotoka vijiji vya mikoa ya magharibi, leo ni wazee kwa mujibu wa sera, na kikundi chao kinaweza kusajiliwa katika kundi maalum la wazee.

Mlango wa pili ni ulemavu. Wapo waliojeruhiwa Kagera, na wapo wa kizazi cha karibuni walioumia katika operesheni za kulinda amani. Tanzania imepeleka wanajeshi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu mwaka 2013, na shambulio la Desemba 2017 huko Semuliki lililogharimu maisha ya walinda amani wetu lilidhihirisha uzito wa jukumu hilo. Mwanajeshi aliyerejea na ulemavu analindwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kama raia mwingine yeyote mwenye ulemavu, na hahitaji kusubiri afike miaka 60.

Mlango wa tatu ni wa wanawake. Askari mwanamke aliyestaafu huingia katika kundi maalum bila kujali kama umri wake ni miaka 40 au 55. Hapa inafaa kutoa tahadhari. Mlango huu ni wa mwanamke mwenyewe, anayemiliki na kuamua. Mume anayesajili kikundi kwa jina la mkewe ili yeye aendeshe biashara kivulini anaidanganya mamlaka, na anachukua nafasi ya kikundi cha kweli cha wanawake wa kata yake.

Mlango wa nne hauhusu makundi maalum kabisa. Ni upendeleo wa kampuni za Watanzania. Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2024 zimepandisha kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50 kiwango cha zabuni za kazi za ujenzi zinazotengwa kwa ajili ya kampuni za ndani. Mstaafu mwenye kampuni iliyosajiliwa, hata kama hayumo katika kundi lolote kati ya yale manne, hushindana hapa na Watanzania wenzake.

Pengo la miaka ya kati

Pamoja na milango hiyo, lipo pengo. Mtumishi wa kawaida wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, umri uleule unaomwingiza katika kundi la wazee. Mwanajeshi hayuko hivyo. Askari wa vyeo vya chini huondoka jeshini mapema zaidi, kulingana na cheo chake na masharti ya utumishi wake, kwa sababu kazi yenyewe inadai mwili wenye nguvu.

Chukua mfano wa koplo anayestaafu akiwa na miaka 50. Si kijana, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Si mzee, kwa kuwa bado miaka 10. Kama ni mwanamume asiye na ulemavu, makundi maalum yote manne yanampita. Ana nguvu, ana nidhamu, ana fedha za mafao mkononi, na yuko katika kipindi ambacho watoto wake wengi bado wanasoma. Ni mtu ambaye biashara yake ikifanikiwa inaweza kuajiri wengine, na ikianguka hana mshahara wa kumwinua tena.

Pengo la pili linahusu mtaji. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya, hugawanywa kwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo. Matokeo yake, kikundi cha wapiganaji wa Kagera kinaweza kustahili kupewa zabuni iliyotengwa, lakini kisistahili mkopo wa kuitekelezea zabuni hiyo. Haki ya kushinda kazi bila uwezo wa kununua mbao za kuifanyia ni haki iliyo nusu.

Hati kabla ya ushujaa

Historia ya ukanda huu inalo funzo kuhusu jambo la pili linalowakwamisha wastaafu, nalo ni nyaraka. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliosalia kati ya wale waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambayo Tabora yenyewe ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Inasimuliwa kwamba mamia ya wazee walijitokeza Mwanza, lakini wachache tu ndio waliokuwa na hati za kuthibitisha utumishi wao. Waliobaki, kwa mujibu wa simulizi hiyo, walipewa ufagio mmoja baada ya mwingine na kuamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki. Hakuna aliyesahau gwaride lake.

Mfumo wa Kielektroniki wa Ununuzi wa Umma (NeST), ulioanza kutumika Julai 2023 na ambao taasisi zote za umma zinatakiwa kuutumia, haumpi mzabuni nafasi ya kushika ufagio. Unasoma taarifa zilizoingizwa na viambatisho vilivyopakiwa. Kikundi au kampuni isiyokamilisha nyaraka haifiki mbele ya Bodi ya Zabuni, hata kama wanachama wake ni mafundi hodari kuliko wote wilayani.

Kwa anayeanzisha kampuni, safari huanza kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa, kisha usajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na leseni ya biashara. Anayetaka kazi za ujenzi lazima pia asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) katika daraja linalolingana na uwezo wake. Kwa kikundi maalum, hatua ya awali ni kutambuliwa na halmashauri kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kikiwa na katiba, viongozi na akaunti ya benki, ndipo kisajiliwe katika NeST.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kusoma inapoanza. Kila taasisi huandaa Mpango wa Mwaka wa Ununuzi, unaoonyesha itanunua nini na lini. Mstaafu aliyeusoma mpango wa halmashauri yake mwezi Julai anajua kwamba madawati yatatangazwa katika robo ya pili, na ana muda wa kutafuta mbao na mafundi. Asiyeusoma hukutana na tangazo likiwa limebakiza siku chache, akaanza kukimbia.

Ujuzi ambao jeshi lilimpa nao unahitaji karatasi. Jeshini wapo madereva wa magari mazito, mafundi umeme, waashi, wapishi wa kulisha mamia ya watu na watabibu. Wengi walijifunza kazini na hawana cheti kinachoeleweka na mnunuzi wa kiraia. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaoendeshwa kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), unaweza kumpima fundi wa aina hiyo na kumpa cheti bila kumrudisha darasani kwa miaka miwili.

Mafao si mtaji wa kubahatisha

Mfano mwingine wa historia uko Urambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Nachingwea na Urambo, na ikaajiri wanajeshi wengi waliokuwa wametoka vitani. Nidhamu ilikuwepo, matrekta yalikuwepo, na ari ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuijua ardhi, mvua na gharama halisi. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Urambo baadaye ilipata sifa kwa tumbaku, zao lililofaa udongo wake.

Funzo kwa mstaafu wa leo ni kwamba nidhamu ya jeshi ni mtaji mkubwa, lakini haichukui nafasi ya hesabu. Tuseme kikundi kimeshinda zabuni ya madawati 100 kwa shilingi milioni 10, na gharama ya mbao, vyuma na mafundi ni milioni 8. Faida inayotarajiwa ni milioni 2. Kikundi kikikopa milioni 8 hizo kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na malipo yakachelewa miezi mitatu baada ya kukabidhi kazi, riba peke yake ni shilingi 720,000, yaani zaidi ya theluthi ya faida yote. Malipo yakichelewa miezi tisa, faida imekwisha na kikundi kinadaiwa.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kwanza wa kifedha kwa mstaafu ni kutoweka mafao yote katika zabuni ya kwanza. Aanze na kazi ndogo anayoweza kuimudu hata malipo yakichelewa, atunze vitabu vya hesabu, na kila hatua ya makabidhiano iwe na saini na tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Akiisha kujenga historia ya kukamilisha kazi, atakuwa na hoja mbele ya benki pale anapoomba mkopo kwa dhamana ya hati ya agizo la ununuzi, maarufu kama LPO.

Kwa upande wa pili, wajibu wa taasisi nunuzi ni mkubwa vilevile. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimewahi kutaja taasisi ambazo hazikutenga asilimia 30 kama sheria inavyotaka. Afisa masuuli anayetenga zabuni kwa kikundi kisha akachelewesha malipo yake ameitimiza sheria kwa maandishi, huku akikiua kikundi kwa vitendo. Mzabuni anayeona hakutendewa haki katika mchakato anayo njia ya kisheria: kuwasilisha lalamiko kwa afisa masuuli ndani ya muda uliowekwa, na asiporidhika kukata rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma (PPAA).

Mstaafu naye akumbuke kwamba cheo chake cha zamani si sifa ya zabuni. Kumpigia simu aliyekuwa chini yake kikosini ili “asaidie” ni mgongano wa maslahi, na kunaweza kumfungia mlango kwa miaka.

Nini kifanyike

Ipo hoja kwamba wastaafu wa majeshi waongezwe kuwa kundi maalum la tano. Ni hoja yenye heshima, lakini ina gharama yake. Asilimia 30 ni ileile. Kila kundi linaloongezwa linapunguza sehemu ya mjane wa Sikonge, kijana wa Nzega na mtu asiyeona wa Igunga. Kabla ya kufika huko, yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika ndani ya sheria zilizopo.

La kwanza ni maandalizi kabla ya kustaafu. Mwanajeshi anayebakiza mwaka mmoja kazini anaweza kupimwa ujuzi wake na VETA, kufundishwa kutumia NeST na kuelezwa masharti ya BRELA na TRA akiwa bado kambini, ambako kuwakusanya watu 50 darasani ni jambo la amri moja. Akisubiri kuvua sare, kila mmoja atayatafuta mambo hayo peke yake, kwa nauli yake.

La pili ni wastaafu wenyewe kutumia umoja walionao. Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania (MUWAWATA) unaweza kuwasaidia wanachama wake kutambua nani anastahili kundi la wazee, nani la watu wenye ulemavu, na nani aingie kama kampuni ya kawaida, ili wasijaze fomu zisizowahusu.

La tatu ni mjadala wa kisera kuhusu mtaji wa wazee. Kama sheria ya ununuzi inamwona mzee kuwa na uwezo wa kuihudumia Serikali, ni vema mfumo wa mikopo ya halmashauri nao ukaangaliwa ili mambo hayo mawili yasipingane.

Karne moja na nusu iliyopita, mpagazi wa Kinyamwezi hakubeba mzigo kutoka Tabora kwenda Bagamoyo kabla ya kukubaliana posho, ujira na uzito wa mzigo wake. Alijua thamani ya mabega yake na masharti ya safari. Askari mstaafu anayetaka kufanya biashara na Serikali anahitaji ujuzi huohuo wa masharti, na Serikali inayo kila sababu ya kumpa ujuzi huo kabla hajakabidhi sare yake ghalani.